Picha huuza nyumba, mchoro ndio huijenga

*Vijana wengi wanaojifunza programu za kuchora majengo huanzia mwisho, kwenye picha ya kupendeza. Mwanzo mzuri uko kwingine: kwa fundi anayesubiri karatasi saiti.*

Ingia Instagram au makundi ya WhatsApp ya wanaojenga Dar es Salaam, Mwanza au Mombasa, utakutana na nyumba chungu nzima ambazo bado hazipo. Bati la rangi ya makaa, vigae vya kijivu ukutani, gari jeupe limeegeshwa kibarazani, nyasi zimekatwa sawasawa. Chini yake kuna bei ya ramani na namba ya simu. Mwenye kiwanja huipenda, huwatumia ndugu na mwenza wake, kisha humuuliza muuzaji: “Mpaka kuezeka itanigharimu shilingi ngapi?” Hapo picha huwa haina la kusema.

Picha hizo ndizo zimewavuta vijana wengi kujifunza AutoCAD, ArchiCAD, Revit na SketchUp, na baadaye programu za kupaka mwanga na vivuli kama Lumion. Vituo vya mafunzo vinajua hilo, ndiyo maana matangazo yao hutanguliza thri-dii. Mwanafunzi hukaa mbele ya kompyuta akitamani kuruka yote yaliyo katikati, afike kwenye gari jeupe na nyasi.

Lakini mchoro wa jengo ni maagizo. Unaandikiwa watu ambao huenda wasionane na mchoraji hata siku moja: mwashi, seremala, fundi bomba, fundi umeme, na mzee anayekaa saiti kupokea mchanga na kokoto. Anayejifunza programu akiwaweka watu hao mbele yake tangu siku ya kwanza, karibu kila amri anayofundishwa itapata maana. Akiwasahau, atahitimu akiwa hodari wa kutengeneza picha za nyumba zisizojengeka.

Kutoka wembe hadi kipanya

Kabla ya kompyuta, ofisi ya mbunifu majengo ilijaa meza zilizoinama, rula za T, pembetatu za plastiki na kalamu za wino za unene mbalimbali. Mchoro ulichorwa kwenye karatasi angavu, na mstari uliokosewa ulikwanguliwa kwa wembe taratibu, karatasi isije ikatoboka. Nakala zilitolewa kwa mashine iliyonuka amonia. Soko la Kariakoo ni kazi ya zama hizo. Lilibuniwa na Beda Amuli, mmoja wa wabunifu majengo Waafrika wa mwanzo kabisa Afrika Mashariki, likafunguliwa mwaka 1975, na paa lake la miavuli ya zege likawa alama ya jiji. Hakuna kipanya kilichogusa kazi ile.

Marekani mambo yalikwisha kuanza kubadilika. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, aliyekuwa akisomea uzamivu chuo cha MIT, aliwasilisha Sketchpad, programu iliyomwezesha mtu kuchora moja kwa moja kwenye kioo cha kompyuta kwa kalamu ya mwanga. Ungeweza kuiamuru mistari miwili ibaki sambamba, au iwe na urefu sawa, nayo ikatii hata ukigeuza vingine vyote. Tatizo ni kwamba kompyuta yenyewe ilijaza chumba. Ilibidi kusubiri hadi Desemba 1982, kampuni changa ya Autodesk ilipotoa AutoCAD kwa kompyuta ndogo za mezani, ndipo ofisi ya kawaida ikaweza kumudu kuchora kwa mashine. Mwaka huohuo mjini Budapest, Hungaria, Gábor Bojár alianzisha Graphisoft, kampuni iliyozaa ArchiCAD. Revit ilitoka mwaka 2000, na Autodesk ikainunua miaka miwili baadaye.

Programu hizo zimegawanyika makundi mawili, na mwanafunzi ni vyema ajue mapema yuko kundi gani. AutoCAD, kwa jinsi inavyotumika zaidi mitaani kwetu, huchora mistari. Mistari miwili sambamba ni ukuta kwa sababu mchoraji na fundi wamekubaliana hivyo. Kwa kompyuta ni mistari tu. ArchiCAD na Revit huchora vitu. Unaweka ukuta, na programu inajua unene wake, kimo chake, na kwamba mlango uliopachikwa hapo umetoboa tundu. Ukiuhamisha ukuta kwenye ramani, unahama pia kwenye sura ya mbele, kwenye mkato na kwenye jedwali la vifaa.

Wapo wanaoshauri kuanza moja kwa moja na kundi la pili, kwa hoja kwamba ndiko soko linakoelekea. Hoja hiyo ina nguvu. Ila programu inayochora ukuta kamili kwa mbofyo mmoja humficha mwanafunzi mambo ambayo angelazimika kuyaamua mwenyewe kama angeanza na mistari mitupu. Wiki chache za kuchora bapa, bila thri-dii, humfundisha kusoma ramani, na asiyejua kusoma ramani hawezi kuiandika.

Chumba cha mita tatu kwa tatu

Zoezi la kwanza lisiwe jumba la kifahari. Liwe chumba cha kulala cha mita 3 kwa 3, kipimo cha kawaida kabisa katika nyumba za kupanga. Katika AutoCAD, weka kwanza vipimo viwe milimita. Bonyeza F8 ili mistari iende wima au mlalo bila kupinda, na F3 ili kipanya kinase ncha kamili za mistari badala ya kukisia kwa macho. Andika REC, bofya popote, kisha andika @3000,3000: huo ni uso wa ndani wa chumba. Andika O, halafu 150, bofya nje ya mraba: umepata ukuta wa tofali la inchi sita. Kata nafasi ya mlango ya milimita 900, chora ubao wake na tao la kuonyesha unakofungukia. Kwa aliyezoea ni kazi ya dakika mbili, na wengi huishia hapo wakadhani wamemaliza.

Sasa weka kitanda. Vitanda vya Keko, Dar es Salaam, huuzwa kwa futi: tano kwa sita, sita kwa sita. Futi sita ni milimita 1,829. Kichwa cha kitanda kikiegemea ukuta mmoja, na kabati lenye kina cha milimita 600 likasimama ukuta unaotazamana nao, kati ya miguu ya kitanda na kabati zinabaki milimita 571. Mlango wa kabati wenye upana wa milimita 450 ukifunguliwa, anayetaka kuchukua shati amebakiwa na sentimita 12 za kusimama. Hamishia kabati ukuta mwingine, utakuta limeziba dirisha au linagongana na mlango wa chumba.

Hapa ndipo programu inapoanza kufundisha ubunifu, na haikuhitaji hata rangi moja. Mwanafunzi anauvuta ukuta kwa amri ya STRETCH, chumba kinakuwa mita 3.6, na nafasi ya kupita inafika milimita 1,171. Kwenye skrini ni sekunde tano. Saiti, baada ya msingi kumwagwa, ni kubomoa na kugombana. Kwa sababu hiyo samani kwenye ramani ni kipimo cha kupimia chumba, na inapasa ziwe na ukubwa wa vitu vinavyouzwa hapa. Vitanda na makochi yaliyomo kwenye maktaba za programu yamechorwa kwa vipimo vya maduka ya Ulaya na Marekani. Kijana mwenye akili huchukua futi kamba, akapima kitanda, jiko la gesi, meza ya chakula na sinki la nyumbani kwao, akajitengenezea maktaba yake mwenyewe.

Futi za fundi, milimita za skrini

Ujenzi wetu unaongea lugha mbili za vipimo kwa pamoja. Mchoro unakwenda kwa milimita. Fundi anasema tofali la inchi sita, dirisha la futi tano kwa tano, mlango wa futi tatu kwa saba. Mlango huo wa futi tatu kwa saba ni milimita 914 kwa 2,134, wakati mchoraji ameandika 900 kwa 2,100 kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa. Tofauti ni ndogo, lakini seremala akileta fremu iliyokwisha gongwa, mwashi ndiye atakayechonga tofali.

Kompyuta nayo ina mtego wake. Ukiingiza kwenye ramani ya milimita mlango uliochorwa kwenye faili lililowekwa kwa inchi, programu inaweza kuukuza mara 25.4. Mlango wa 900 unakuwa na upana wa 22,860, karibu mita 23, mpana kuliko viwanja vingi vya mjini. Kosa kubwa namna hiyo huonekana mara moja. La hatari ni lile dogo: mchoro mmoja umechorwa kwa sentimita, mwingine kwa milimita, mtu akaurekebisha kwa kukisia, na vipimo vikatofautiana kwa asilimia chache ambazo hakuna anayezigundua hadi mkanda wa zege unamwagwa. Dawa ni tabia: kila unapofungua faili la mtu mwingine, kabla ya lolote, pima kitu unachokijua ukubwa wake.

Kisha kuna plasta. Chumba kilichochorwa milimita 3,000 kutoka tofali hadi tofali, kikipigwa plasta ya milimita 15 kila upande, kinabaki 2,970. Sebuleni hakuna atakayejali. Jikoni, ambako kabati limeagizwa kwa kipimo kamili, au bafuni, ambako kuna vigae na beseni, milimita 30 zinatosha kuharibu kazi. Kwa hiyo mchoro lazima useme vipimo vyake vimeanzia wapi: kwenye uso wa tofali au kwenye uso wa plasta. Ni sentensi moja kwenye kona ya karatasi, na ramani nyingi zinazouzwa mtandaoni hazina.

Jua la Colorado

Programu za majengo zimetengenezwa na watu wa mahali fulani, na mazoea yao yamo ndani yake. SketchUp, usipoiambia uko wapi, huchukulia kwamba uko Boulder, Colorado, mji ilikozaliwa. Revit nayo huanzia Boston. Mwanafunzi wa Dar es Salaam anawasha vivuli, picha inapendeza, anaiwasilisha, bila kujua kwamba jua lile si lake.

Boulder iko nyuzi 40 kaskazini mwa ikweta, na jua la adhuhuri huko huwa upande wa kusini mwaka mzima. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, jua la adhuhuri la Dar huwa upande wa kaskazini. Miezi iliyobaki huhamia kusini. Mwezi Juni hufika kimo cha nyuzi 60 hivi, kwa hiyo paa lililotokeza milimita 600 nje ya ukuta wa kaskazini hutupa kivuli cha takriban mita 1 kushuka ukutani, kinachotosha kulinda sehemu kubwa ya dirisha. Ukuta wa magharibi hauna bahati hiyo. Jua la saa kumi jioni huja chini chini, likaingia ndani kabisa, na mlalaji wa chumba hicho atalijua vizuri saa tatu usiku tofali litakapokuwa bado linatoa joto.

Kuweka mahali na kaskazini ya kweli ya kiwanja ni kazi ya dakika moja, na inabadilisha kila kitu kinachofuata. Mchoraji anaona baraza ikae upande upi, jiko lipelekwe wapi, na madirisha gani yatazame upepo wa kusi na kaskazi ili nyumba ipumue bila kiyoyozi. Hapo thri-dii imefanya kazi ya maana: imejibu swali kabla ya kupamba ukuta.

Ukuta unaojijua

Faida ya ArchiCAD na Revit huonekana pale mwenye nyumba anapouliza gharama. Ila kwanza mwanafunzi lazima aifundishe programu ukuta wetu. Kuta zinazokuja nayo mara nyingi ni za fremu za mbao zenye sufi ya kuzuia baridi, au matofali ya kuchoma yenye uwazi katikati, maana zilikusudiwa nchi za theluji. Ukuta wa Mbagala au Kisumu ni tofali au jiwe, plasta ndani, plasta nje, rangi. Unatengeneza aina mpya: plasta 15, tofali 150, plasta 15, jumla milimita 180. Chini ya jamvi unatengeneza nyingine, kwa sababu tofali za msingi mara nyingi hulazwa, ukuta ukawa na unene wa 230 hivi.

Baada ya hapo jedwali hujijaza lenyewe. Tuchukue nyumba ndogo yenye kuta za tofali za jumla ya mita 60 na kimo cha mita 3. Hizo ni mita za mraba 180. Toa milango na madirisha, tuseme mita za mraba 24, zinabaki 156. Tofali za inchi sita zilizosimamishwa ni 9 hadi 10 kwa mita ya mraba, ukihesabu na zitakazovunjika. Kwa 10, unahitaji tofali 1,560. Mwenye nyumba akisema sebule iongezwe mita moja, hesabu inabadilika papo hapo. Jibu hilo picha ya Instagram haikuwa nalo.

Lakini jedwali ni kweli kadiri mchoro ulivyo kweli. Mchoraji mvivu aliyeacha kuta mbili zimepandana pembeni atahesabiwa tofali mara mbili. Aliyesahau kupandisha ukuta hadi kwenye pembe ya paa atapungukiwa. Programu haitakuuliza; itajumlisha ulichoipa na kukukabidhi tarakimu iliyopangwa vizuri kwenye safu, na tarakimu iliyopangwa vizuri huaminika kuliko inavyostahili. Mkadiriaji majenzi bado ana kazi, na sehemu ya kazi hiyo sasa ni kuyatilia shaka majedwali.

Ngazi haina njia ya mkato

Walimu wengi wa uchoraji wangekubali kwamba mtihani wa haki wa anayejifunza ni ngazi. Mteja anasema, “Weka ngazi hapo kwenye korido, ifike juu.” Kutoka sakafu hadi sakafu ni milimita 3,000. Gawanya kwa vipandio 18, kila kimoja kinapanda milimita 167, mwinuko ambao hata bibi ataumudu. Kila mkanyagio uwe na milimita 280. Kanuni ya zamani inasema ukizidisha mwinuko kwa mbili na kujumlisha mkanyagio upate kama 600. Hapa tunapata 613, ni sawa.

Sasa tafuta nafasi yake. Ngazi ya kugeuka katikati itakuwa na vipandio tisa, kituo cha kupumzikia, kisha tisa vingine. Kila upande una mikanyagio minane, milimita 2,240. Ongeza kituo cha 1,200, urefu umefika 3,440, na hujaweka nafasi ya kusimama chini kabla ya kupanda. Upana, kwa pande mbili za mita moja na uwazi mdogo kati yake, ni mita 2.1. Ile korido ya mita 1.2 imekwisha habari yake, na chumba kimoja cha chini huenda kikamegwa.

Revit na ArchiCAD zina zana ya ngazi inayofanya hesabu hii yenyewe. Mwanafunzi huchora, programu ikalalamika kwamba vipandio havitoshi, naye hubonyeza hapa na pale mpaka malalamiko yakome. Matokeo yake ni ngazi yenye vipandio vya milimita 200, au boriti inayopita usawa wa paji la uso wa mpandaji. Aliyewahi kuipiga hesabu hiyo kwa kalamu hata mara moja ataelewa programu inalalamikia nini. Aangalie pia kwamba kutoka kipandio hadi dari juu yake kuna angalau mita 2, jambo linaloonekana kwenye mkato pekee. Ndiyo maana mchoraji makini hukata mkato wake kupitia kwenye ngazi, wala haukimbizi kwenye sebule ambako hakuna tatizo.

Karatasi inayofika saiti

Tuseme mchoro umekamilika. Bado haujamfikia fundi. Umepangwa kwenye karatasi ya A1 kwa skeli ya 1:100, lakini steshenari ya mtaani haina mashine ya A1, kwa hiyo unachapwa kwenye A3. A3 ni nusu ya A1 kwa urefu na kwa upana, basi skeli imekuwa 1:200 huku maandishi chini yakiendelea kusema 1:100. Fundi akiweka rula, kila kitu kinatoka nusu. Mchoraji anayejua maisha ya saiti huandika ukubwa wa karatasi kando ya skeli, huweka mstari wa kipimo unaopungua pamoja na mchoro, na huandika vipimo vyote kwa tarakimu ili rula isihitajike kabisa.

Maandishi nayo yana hesabu yake. Herufi zisomeke karatasini zikiwa na kimo cha milimita 2.5, kwenye mchoro wa 1:100 zinapaswa kuwa na kimo cha 250. Anayeanza huzikisia kwa macho, akachapa ramani yenye herufi za sisimizi. Mistari ya njano inayong’aa kwenye skrini nyeusi hupotea kabisa kwenye karatasi nyeupe. Unene wa mistari, uliopangwa kwa rangi kwenye faili la pembeni, hupotea pia ukipeleka faili la DWG la AutoCAD peke yake. Ukuta uliokatwa na mguu wa kiti vikachapwa kwa wino sawa, na fundi akashindwa kutenganisha jengo na samani. Peleka PDF uliyoikagua kwa kuichapa mwenyewe.

Na kwa kuwa siku hizi karatasi hupigwa picha na kusambazwa kwa WhatsApp, weka tarehe na namba ya toleo kwenye kila ukurasa. Ramani mbili zinazofanana, moja ikiwa na choo kilichohamishwa, zikikutana kwenye simu za mafundi wawili, kila mmoja atajenga ya kwake.

Leseni na mabalaa ya flashi

Gharama ya programu ni kikwazo cha kweli. Mwaka 2016 Autodesk iliacha kuuza leseni mpya za kudumu. Unalipia kwa mwezi au kwa mwaka, kwa bei iliyopangwa kwa mifuko ya mbali. Hivyo programu zilizovunjwa kufuli huzunguka kwenye flashi kama kawaida. Mbali na sheria, zina gharama nyingine. Mwaka 2012 kampuni ya usalama ya ESET ilifichua kirusi kilichoitwa ACAD/Medre.A, kilichoandikwa kwa lugha ya ndani ya AutoCAD yenyewe. Kilipeleka maelfu kwa maelfu ya michoro ya watu, wengi wao wa Peru, kwenye anwani za barua pepe nchini China. Folda ya mradi kutoka kwa usiyemjua inaweza kubeba zaidi ya ramani.

Njia za halali zipo. Wanafunzi wa vyuo hupata programu za Autodesk bure kwa masomo kwa mwaka mmoja unaoweza kuhuishwa. SketchUp ina toleo la bure la kwenye intaneti. LibreCAD inatosha kwa michoro bapa na haichoshi kompyuta mpakato dhaifu. FreeCAD, iliyoanza mwaka 2002, ilifikisha toleo la 1.0 Novemba 2024 na ina zana za majengo. Na kuna IFC, aina ya faili iliyokubaliwa kimataifa, inayoruhusu mbunifu wa ArchiCAD na mhandisi wa Revit kubadilishana jengo moja bila kulazimishana programu.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, usikate tamaa haraka. AutoCAD huacha nakala yenye mwisho wa .bak; badilisha mwisho huo uwe .dwg na mara nyingi utaipata kazi yako kama ilivyokuwa kabla ya kuhifadhi mara ya mwisho.

Muhuri hauko kwenye programu

Kujua AutoCAD hakumfanyi mtu kuwa mbunifu majengo. Tanzania, taaluma hiyo inasimamiwa na bodi ya AQRB chini ya sheria ya mwaka 2010; Kenya ina Sura ya 525 ya sheria zake na bodi yake ya BORAQS. Nguzo, boriti na nondo ni za mhandisi aliyesajiliwa. Programu ya kuchora itakubali nguzo ya unene wowote juu ya udongo wowote, kwa sababu haijui kama kiwanja ni mchanga wa pwani au udongo mweusi wa mbuga unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Zege, nondo, udongo na usimamizi ndivyo vinavyolisimamisha jengo, na hakuna hata kimoja kinachoonekana kwenye picha ya thri-dii.

Kukosa muhuri hakumnyimi kijana kazi. Ofisi za wabunifu, wahandisi na makandarasi zinahitaji wachoraji wanaotoa michoro inayosomeka, na anayetaka kupanda anaweza kwenda Chuo Kikuu Ardhi, Chuo Kikuu cha Nairobi au vyuo vya ufundi akiwa tayari ana mkono mwepesi. Anachopaswa kuacha ni kumuuzia mtu picha kwa jina la ramani.

Atajuaje kama ameiva? Picha zinazopata sifa mtandaoni si kipimo. Achape ukurasa mmoja wa ramani ya chumba, choo na kibaraza, ampelekee fundi mwashi asiyemjua, akae kando asieleze chochote. Fundi atauliza: huu ukuta unaanzia wapi? Dirisha linakaa kimo gani kutoka sakafuni? Mlango huu unafungukia ndani au nje? Maji ya choo yanaelekea upande gani? Kila swali ni jambo lililokosekana kwenye karatasi. Arudi kwenye kompyuta alijaze, achape tena, ampelekee fundi mwingine. Siku fundi atakapoitazama karatasi, akaikunja na kuuliza tu tofali zinaletwa lini, kijana huyo atakuwa amejifunza kuchora, na hapo akitaka kuongeza gari jeupe na nyasi, aongeze.